Mpira Ulikuwa Bado Hewani

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wanaojifunza kuandika, jijini Mwanza. Nimeyanyoosha kidogo tu ili yasomeke.

Mwadila, ndugu zangu. Wazee wangu mliokaa kule nyuma karibu na feni, shikamooni. Vijana, asanteni kwa kuiacha Jumamosi yenu na kuja kukaa humu na joto hili.

Walionialika waliniomba nizungumzie kuandika maisha yako mwenyewe. Nikawauliza kama naweza kuifikia mada hiyo kwa kupitia katuni za Kijapani, hizi mnazoziita anime. Walitazamana, halafu wakakubali. Nawashukuru, maana mimi niliifikia kalamu kwa njia hiyo, na ningewadanganya kama ningesema nilipita nyingine.

Nianzie darasani. Kila mmoja humu amewahi kuandika insha ya "Siku Nisiyoisahau". Mimi niliiandika mwaka 2005, darasa la sita, huko Igombe. Shule yetu haikuwa na vioo madirishani, na upepo wa ziwa ukivuma ulituletea harufu ya dagaa mpaka juu ya daftari. Niliandika kwamba nilipanda ndege na mjomba wangu kwenda Dar es Salaam. Niliandika mawingu meupe kama pamba. Niliandika soda niliyopewa na mhudumu, na kwamba niliinywa taratibu ili isiishe. Nilipata 18 kwa 20, nikaitwa mbele kuisoma.

Sikuwa nimepanda ndege. Sina mjomba Dar es Salaam. Watu wa Igombe mnajua, uwanja wa ndege hauko mbali, kwa hiyo ndege tulizijua matumbo tu, zikishuka juu ya vichwa vyetu. Darasa karibu zima siku ile tulikuwa tumesafiri kwa ndege, na wale waliokosa ujasiri wa kudanganya sana walisafiri kwa treni. Hakuna hata mmoja aliyeandika juu ya ufukwe tuliokuwa tunashinda kila siku. Na mwalimu hakutuuliza.

Wiki tatu kabla ya insha ile, mimi nilikuwa nimepata siku ambayo kweli sijaisahau.

Mama yangu alinunua dagaa wabichi kwa wavuvi, akawaanika mwenyewe ufukweni, wakikauka anawapeleka Mwaloni, Kirumba. Kwa wageni mliopo: dagaa huvuliwa usiku wa giza, usio na mwezi. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wanazungushiwa wavu. Asubuhi wanatandazwa juu ya nyavu kuukuu na mchanga. Jua kali la siku moja linatosha kuwakausha, na mvua ya nusu saa inatosha kuwaharibu. Kati ya hayo mawili lazima awepo mtu wa kuitazama mbingu. Siku ile mtu huyo nilikuwa mimi. Mama alikwenda Kirumba kudai fedha zake, akaniacha na fimbo ya kufukuzia kuku na kunguru, na neno moja: "Ukiona weusi upande wa ziwa, kusanya."

Nyuma ya ufukwe palikuwa na kibanda umiza. Mabati, maturubai, jenereta, na TV moja ya chogo iliyowekwa juu ya kreti za soda. Kiingilio shilingi 50. Nilikuwa nayo. Ndani walikuwa wanaonyesha katuni ya mpira, watoto wa shule kama sisi, na uwanja mrefu usio na mwisho. Tuliiita ya Kichina, kama tulivyoita kila kitu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa inaitwa Captain Tsubasa, imetokana na hadithi za picha alizoanza kuzichora Yoichi Takahashi mwaka 1981, na ni ya Kijapani.

Kama umeitazama unajua kinachotokea mle. Mtoto anapiga mpira, na kabla haujafika golini anakumbuka alikotoka, mazoezi yake, ahadi aliyompa mwenzake. Mpira bado unakwenda. Kipa naye anaanza kukumbuka yake. Mimi nilikuwa sijawahi kuona kitu cha namna ile: kwamba ndani ya sekunde moja ya mtu mnaweza kukaa maisha yake yote, na watu wazima wakakubali kukaa kimya kuyasubiri.

Mpira ulikuwa bado hewani niliposikia matone juu ya bati. Nikajiambia: ukiingia tu, natoka.

Nilipotoka maji yalikuwa tayari yamechora mifereji kwenye mchanga, na dagaa walikuwa wanateremka nayo kurudi ziwani. Niliokota kwa mikono. Dagaa aliyelowa baada ya kuanza kukauka hulainika tumbo, akashikana na mwenzake na mchanga, ukimbana kidogo tu anakatika. Nilijaza beseni moja. Mama alizinunua dagaa zile kwa fedha ya mchezo, yaani upatu, zamu aliyoisubiri miezi mingi. Waliobaki waliuzwa chakula cha kuku.

Nilikimbia nikajificha kwenye mawe. Mwanza hatukosi mawe ya kujificha. Nilirudi usiku. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Hakunipiga. Hakusema neno. Alinisogezea sahani ya ugali, akaingia ndani kulala. Nililala na ukimya ule miaka 15, na katika miaka hiyo yote nilikuwa na hakika kwamba naijua maana yake: mama alinikasirikia mpaka maneno yakamwisha.

Sasa twende Japani.

Mwaka 1991 Isao Takahata wa Studio Ghibli alitoa filamu iitwayo Omoide Poro Poro. Nje ya Japani wengi wanaijua kama Only Yesterday. Mimi niliipata mwaka 2020 kwenye flashi ya mwanafunzi wangu wa zamani, nikiwa na miaka 27. Msichana aliyemo, Taeko, naye ana miaka 27. Anafanya kazi ofisini Tokyo, anachukua likizo kwenda mashambani Yamagata kusaidia kuchuma benibana, maua ya manjano yanayotoa rangi nyekundu. Mwaka ni 1982. Akiwa ndani ya treni anagundua hayuko peke yake. Yule Taeko wa darasa la tano, wa mwaka 1966, amepanda naye.

Hakuna vita humo. Hakuna mwenye nguvu za ajabu. Kuna nanasi. Baba amelinunua mjini, nanasi zima, kwa familia ambayo haijawahi kuona nanasi zima, na hakuna anayejua linavyokatwa. Linakaa siku kadhaa likisubiri dada ajifunze. Siku inapofika wanakusanyika wote, linakatwa, kila mtu anapewa kipande chake. Ni gumu, na halina utamu. Mmoja mmoja wanaacha kutafuna, wanasogeza sahani. Taeko peke yake anaendelea kula.

Ndugu zangu, mimi nilisimamisha filamu hapo. Kwetu nanasi ni kitu cha foleni ya kivuko pale Kamanga. Linatoka Geita, linakatwa mbele yako, unakula umesimama na maji yake yanatiririka mpaka kiwikoni. Lakini ule uso wa mtoto anayetafuna kitu alichokitamani sana, ambacho kimeshamwangusha, naye hataki kukiri kwa sababu akikiri wote watakuwa wamepoteza, ule uso niliujua. Na mtu mzima, fundi wa kazi yake, aliona kwamba nanasi lile linastahili dakika kadhaa za filamu.

Nataka tukae kidogo kwenye neno dakika. Filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde. Wachoraji wa Japani mara nyingi hurudia mchoro mmoja kwa picha mbili au tatu, kwa hiyo sekunde moja inahitaji michoro 12, au 8. Hebu fikiria dakika moja. Halafu fikiria hili: ukitembea na kamera pale Makoroboi, itakamata vitu ambavyo hukuvitaka, ndoo kwenye kona, mbwa anapita, kandambili moja imeachwa. Mchoraji hapewi ndoo ya bure. Ndoo ikionekana, kuna mtu alikaa akaamua iwepo, akaichora na kivuli chake. Ndiyo maana napenda kuwapeleka wanafunzi wangu wa Kiswahili kwenye anime kabla ya kuwapeleka kwenye insha. Nawauliza: umeona sufuria ile jikoni kwao? Nani aliiweka? Kwa nini ina kifuniko cha sufuria nyingine?

Kuna jambo jingine katika filamu ile, na hili ndilo lililonifanya nije hapa leo. Taeko wa miaka 27 amechorwa kwa ukamilifu: jani kwa jani, na mistari ya mashavu anapocheka. Sauti za waigizaji zilirekodiwa kwanza, michoro ikafuata midomo yao. Lakini ukirudi mwaka 1966, rangi zinafifia, na pembeni mwa picha kunabaki weupe. Nyumba imechorwa katikati, ukielekea ukingoni inayeyuka kuwa karatasi tupu. Takahata alikuwa na uwezo wa kujaza mpaka ukingoni. Aliuacha weupe kwa sababu kumbukumbu ya mtoto inaishia pale, na yeye hakutaka kusema asichokijua.

Mimi ninapotazama maandishi tunayoyaandika kuhusu maisha yetu, hasa yangu, naona tunajaza. Tunakumbuka uso wa baba, tunamvalisha shati. Tunakumbuka mlango umefungwa, tunaweka na sababu yake. Insha yangu ya ndege ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, haina hata alama ya weupe, na ndiyo maana ilipata 18.

Likizo ile nilipeleka kompyuta Igombe, nikamwonyesha mama. Hajui Kijapani, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria. Tulipofika kwenye nanasi akasema, "Hilo halijaiva. Walinunuaje bila kulinusa?" Akatazama tena. "Na huyu mdogo mbona bado anatafuna?"

Nikamwambia, "Alilitamani siku nyingi, mama."

Akanyamaza kitambo, halafu akasema, macho yake yakiwa bado kwenye kioo: "Kama wewe na ile TV yako, siku ya dagaa."

Tulikuwa hatujawahi kuitaja siku ile. Hata mara moja. Nikaanza kumwomba msamaha, maneno yanakanyagana, nikataja fedha za mchezo, nikataja chakula cha kuku. Mama alinikata. "Dagaa? Dagaa wameharibika masika ngapi, mwanangu. Mimi siku ile nakumbuka tochi."

Akaniambia alivyorudi akakuta mchanga mtupu na fimbo yangu imelala kwenye maji. Kwamba alidhani nimeingia ziwani kuwafuata dagaa. Kwamba alizunguka ufukwe na mawe yote na tochi ambayo betri zake zilikuwa zinakufa, inawaka akiipiga kofi, inazimika. Aliniita mpaka sauti ikakauka. Wanaume wawili walishatayarisha mtumbwi. Kisha mtu akamwambia nimeonekana nateremka kutoka kwenye mawe, akarudi nyumbani mbio akakaa mlangoni ili nimkute amekaa.

"Nilinyamaza," akasema, "kwa sababu ningefungua mdomo ningelia, na wewe ungeogopa."

Miaka 15. Ule ukimya ulikuwa weupe wa pembeni, sehemu ambayo mimi sikuwepo na sikuiona, nami nilikuwa nimeujaza kwa rangi ya hasira. Nimekua nao hivyo. Nimechagua mambo kwa sababu yake: nimetuma fedha nyumbani kama mtu anayelipa deni. Sijui ningekuwa nani kama ningeuliza mapema.

Kwa hiyo vijana wangu, ombi langu la kwanza ni hilo. Mahali usipokumbuka, acha karatasi ionekane. Andika "sikumbuki". Andika "sikuwepo". Halafu nenda ukamuulize aliyekuwepo, angali hai. Wengine humu bibi zenu wako Magu, wako Misungwi, wako Sengerema. Nauli mnayo.

Kuna wanaosema kujisema si desturi yetu. Mambo ya ndani hayatoki nje. Nimelisikia hili kwa walimu wenzangu na nimelisikia kanisani. Mimi nawajibu kwa methali ileile ya wazee wetu: mficha uchi hazai. Na nawajibu kwa vitabu. Shaaban Robert aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na katika maandishi yake kuna majonzi ya kufiwa na mkewe Amina, mwanamume wa zama zile, bila kuficha. Hapa kwetu ziwani, vuka tu mpaka Ukerewe. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, na alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971 alimweka msichana wake akue katika kijiji hichohicho. Ni hadithi ya kubuni, lakini njia zile na ziwa lile alivijua kwa miguu. Na kabla yake Aniceti Kitereza, hukohuko Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kitabu kikubwa kwa Kikerewe juu ya watu wake, namna walivyooana, walivyozaa, walivyolima, walivyotengeneza pombe. Hakupata mchapishaji. Akaja kukifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Hesabu mwenyewe miaka ile, mtu mmoja kisiwani na bunda lake la karatasi. Nikichoka kusahihisha madaftari na kuandika nakumbuka bunda lile.

Ombi la pili linahusu aibu ya rasimu ya kwanza, na hapa narudi Japani mara moja tena. Mwaka 1995 Yoshifumi Kondo aliongoza filamu ya msichana wa miaka 14, Shizuku, mpenda vitabu, anayeamua kuandika hadithi yake ya kwanza wakati wenzake wanajiandaa kwa mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Whisper of the Heart, wengine mmeiona. Alama zake zinashuka, nyumbani kunakuwa na kikao, na baba anamruhusu, lakini anamwambia kwamba njia yako ukiichagua mwenyewe hutakuwa na wa kumlaumu. Kuna mzee mwenye duka la vitu vya kale anayemwonyesha jiwe. Nje ni jiwe la kawaida. Ndani, kupitia ufa, kuna kijani kinachong'aa. Shizuku anamaliza hadithi, anampa mzee awe msomaji wa kwanza, na anangoja. Mzee anamwambia ukweli: ni ghafi, haijachongwa, na ni nzuri. Naye analia, kwa sababu alishajua mwenyewe kwamba ni ghafi.

Watu wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufundishwa habari za jiwe. Dhahabu ya Geita mkononi mwa mchimbaji mdogo ni kokoto la kijivu. Linapondwa, linasagwa, linaoshwa, na sehemu kubwa inamwagwa. Sijawahi kumsikia mchimbaji akiona aibu kwamba mfuko wake una mawe. Nyinyi mnanifuata baada ya kipindi mnaniambia, "Mwalimu, nimeandika lakini usisome, ni mbaya." Nileteeni ikiwa mbaya. Kondo mwenyewe hakupata nafasi ya pili: ile ndiyo filamu ndefu pekee aliyoiongoza. Alifariki mwaka 1998, akiwa na miaka 47.

Dada mmoja hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza kuhusu Kiki's Delivery Service. Nitaigusa tu. Ni ya mwaka 1989, ya Hayao Miyazaki, kutokana na kitabu cha Eiko Kadono. Msichana wa miaka 13 anaondoka kwao na ufagio wake kwenda kujitegemea, na siku moja anashindwa kuruka. Rafiki yake mchoraji anamshauri apumzike, atembee, atazame vitu, asilazimishe. Ushauri huo nautumia kila mwezi. Lakini mimi siwezi kuionyesha darasani hapa bila kwanza kuzungumza kuhusu neno mchawi, kwa sababu katika ardhi hii vikongwe wameuawa kwa neno hilo, kwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Filamu inamwita Kiki mchawi kwa upendo. Mtoto wangu wa darasani huenda ana bibi anayelala kwa hofu ya neno hilohilo. Ukiileta hadithi ya mbali, beba na uzito wake wa hapa.

Namalizia na mama, kwa sababu yeye ndiye mzee wangu wa duka la vitu vya kale.

Baada ya likizo ile niliandika siku ya dagaa. Nilichukua miezi minne kupata kurasa sita. Nikarudi Igombe nikamsomea. Nilianza hivi: "Mama yangu alikuwa maskini, na siku ile mimi nilimwongezea umaskini." Nilidhani ni sentensi nzuri. Nilikuwa nimeisema kwa sauti mara nyingi njiani, ndani ya daladala.

Mama aliinua mkono. "Hapo simama. Maskini ni nani?"

Nikakosa jibu.

"Mimi nilikuwa na nyavu zangu, beseni zangu, wateja wangu Kirumba, na zamu yangu kwenye mchezo haikuwahi kurukwa. Nilikusomesha. Andika habari zako, mimi sikukatazi. TV uiandike, mawe uyaandike. Lakini usiseme nilikuwa maskini. Sema nilikuwa na biashara."

Kisha akanirekebisha mambo mengine matatu. Fimbo haikuwa ya mpera, ilikuwa ya mwarobaini. Beseni lilikuwa la bluu. Na mvua haikuanzia ziwani, ilitoka nyuma, upande wa milima, ndiyo maana hata kama ningekuwa nimesimama palepale nikitazama nilikoambiwa nitazame, nisingeiona. Hilo la mwisho alilisema taratibu, akiwa anachambua mchele, bila kuniangalia.

Nimekuja na ukurasa wa kwanza kama ulivyo sasa. Nitausoma mwanzo wake, kisha nitawapisha na nyinyi msome yenu.

"Mama yangu alikuwa na biashara ya dagaa. Mwaka 2005, siku moja ya masika ambayo tarehe yake siikumbuki, aliniachia fimbo ya mwarobaini na ufukwe mzima, akaniambia nitazame ziwa. Nilikuwa na miaka 12 na shilingi 50."